Maswali ya Wasomaji: Simba wa Narnia Amefika Makambako

Katika toleo lililopita tuligusia vitabu saba vya Narnia, ambavyo C.S. Lewis alivitoa kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956, na hatukutarajia kwamba aya zile chache zingetuletea barua nyingi kiasi hiki. Kwa wasiovisoma: watoto wanne wa London wanapelekwa shamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ili waepukane na mabomu, mmoja wao anaingia ndani ya kabati la nguo, na nyuma ya makoti anajikuta anakanyaga theluji. Amefika Narnia, nchi ya wanyama wanaosema, inayotawaliwa na Mchawi Mweupe na inayomngoja simba aitwaye Aslan. Majina ya vitabu nimeyaweka katika Kiswahili changu mwenyewe, na msomaji asiyachukue kuwa tafsiri rasmi.

Ndugu Mhariri, kamwene. Binti yangu wa darasa la sita amekuja na kitabu cha kwanza cha Narnia kutoka shuleni, na sasa anamtaja huyo simba hata akiwa anaosha vyombo. Katika jumuiya yetu mama mmoja amesema hicho ni kitabu cha uchawi, na kwamba simba katika Biblia ni Ibilisi, akanisomea Waraka wa Kwanza wa Petro. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi aliyetusimulia habari za simba wa Njombe waliokula watu, wala sikuwahi kumsikia akimtaja simba kwa wema. Nimnyang'anye mtoto kitabu? — Mama wa watoto watatu, Makambako

Kamwene, mama. Usimnyang'anye. Hofu yako, hata hivyo, si ya kupuuzwa, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu.

Ni kweli Petro ameandika kwamba "mshitaki wenu Ibilisi, kama simba angurumaye, huzunguka-zunguka, akitafuta mtu ammeze". Lakini funua kurasa chache mbele mpaka Ufunuo 5:5, utamkuta mzee mmoja akimwambia Yohana asilie, kwa kuwa "Simba aliye wa kabila la Yuda, Shina la Daudi" ameshinda. Biblia hiyo hiyo imempa mnyama mmoja kazi mbili zinazopingana, na haikuona haja ya kuomba radhi. Tena Yohana anapoinua macho ili amtazame huyo simba, haoni simba. Anaona Mwana-Kondoo, amesimama kana kwamba amechinjwa.

Lewis aliijua vema sehemu hiyo. Aslan ni neno la Kituruki lenye maana ya simba, alilolipata katika maelezo ya tafsiri ya Kiingereza ya Alfu Lela Ulela, naye aliwaeleza watoto waliomwandikia kwamba alikuwa na maana ya Simba wa Yuda. Hata ule mgeuko wa simba na kondoo ameutumia. Mwishoni mwa kitabu cha tatu, kile cha safari ya baharini, watoto wanamkuta mwanakondoo mweupe kwenye majani, kando yake pana moto na samaki wanaochomwa, naye anawakaribisha wale. Wanapoongea naye, weupe wake unageuka rangi ya dhahabu na mbele yao amesimama Aslan. Mwambie binti yako asome Yohana 21 siku hiyo hiyo. Atakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na maneno "njoni mfungue kinywa".

Sasa kuhusu bibi yako. Hakuwa akibuni. Katika miaka ya 1930 na 1940 simba wala watu walivitisha vijiji vya Njombe mwaka baada ya mwaka, mpaka afisa wa wanyamapori George Rushby alipoongoza kazi ya kuwaua, na watu wengi waliamini kwamba simba wale walikuwa wa kutumwa na mganga. Kwa maoni yangu bibi yako angemwelewa Aslan upesi kuliko watoto wengi wa Uingereza, ambao simba wamemwona akiwa nyuma ya vyuma tu. Watoto wa hadithi wanaposikia kwa mara ya kwanza kwamba Aslan ni simba, mmoja anauliza kama hana hatari, na mwenyeji wao anamjibu kwa mshangao kwamba hatari anayo, ila ni mwema. Vitabu hivi vinarudia mara nyingi kwamba huyu si simba wa kufugwa. Mtu aliyewahi kulala nyuma ya ukuta wa udongo akisikia ngurumo karibu na zizi hahitaji kufafanuliwa maneno hayo, na huenda atafahamu kwa nini Biblia inazungumzia kumcha Mungu pamoja na kumpenda, jambo ambalo picha zetu za ukutani, zenye Yesu mwenye nywele laini na shavu la kitoto, zimelifanya ligumu kulisadiki.

Nimalizie na uchawi. Ndani ya kitabu hiki mchawi ni mchawi kama tunavyomjua huku: ni mtu wa kuharibu. Hakuna ukurasa unaomfundisha mtoto kuloga. Mvulana Edmund ananaswa na Mchawi Mweupe kwa sanduku la pipi za Kituruki na ahadi ya ufalme, anawasaliti ndugu zake, na kwa sheria ya kale ya nchi ile damu ya msaliti ni haki ya mchawi. Aslan anajitoa badala yake. Usiku ananyolewa manyoya ya shingoni, anafungwa kamba, anadhihakiwa, na anachinjwa kwa kisu cha jiwe juu ya meza ya mawe, wasichana wawili wakitazama kwa mbali. Alfajiri panya wanakuja kuzitafuna kamba zilizoufunga mwili wake. Jua linapochomoza meza inapasuka vipande viwili, na wasichana wale wale ndio wa kwanza kumwona akiwa hai. Mama wa jumuiya yenu akisomewa sura hizo mbili kwa sauti, kisha akiulizwa zinamkumbusha siku gani za mwaka, sidhani kama atajibu sikukuu ya wachawi.

Mhariri, salaam. Ninafundisha fasihi katika sekondari moja ya Tukuyu. Wanafunzi wangu wamezoea kuisoma *Kusadikika* kama istiari, ambamo kila mhusika husimamia jambo fulani katika jamii. Niliwaambia kwamba Narnia ni vivyo hivyo: Aslan ni Yesu, Mchawi ni Shetani, Edmund ni Yuda. Mwanafunzi mmoja akauliza: kama Edmund ni Yuda, mbona anatawazwa kuwa mfalme? Sikuwa na jibu. — Mwalimu wa Kiswahili, Tukuyu

Mwalimu, mpe mwanafunzi huyo alama zote, kwa maana ameligusa jambo ambalo Lewis mwenyewe alilazimika kuwafafanulia wasomaji wake kwa barua.

Umeanza mahali pazuri ulipoitaja *Kusadikika*. Shaaban Robert alipoitoa mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha kwanza cha Narnia, alitupa nchi iliyo angani na waziri aitwaye Majivuno anayemshitaki kijana aitwaye Karama. Majina yenyewe yanakuonyesha mlango wa kuingilia: ukimwondolea Majivuno majivuno yake, hakuna kinachobaki. John Bunyan alifanya hivyo katika kitabu chake cha 1678, ambacho Wakristo wa Kiswahili wanakijua kama *Safari ya Msafiri*. Jitu linalomfungia msafiri gerezani linaitwa Kukata Tamaa, na kazi yake humo ni hiyo moja. Hilo ndilo fumbo halisi, yaani istiari. Wazo lisiloonekana linavishwa mwili ili lionekane.

Katika barua ya mwaka 1958 Lewis alilitolea mfano jitu hilo hilo la Bunyan. Alisema kwamba kama Aslan angemsimamia Mungu kwa jinsi ile jitu linavyosimamia kukata tamaa, angekuwa mhusika wa istiari. Lakini yeye alikuwa amejiuliza swali la namna nyingine: tuseme kungekuwa na ulimwengu kama Narnia, na tuseme Kristo angependa kuzaliwa, kufa na kufufuka huko kama alivyofanya huku kwetu, angekuwa nani, na mambo yangekwendaje? Kiswahili kimetupa neno fupi la kazi hiyo, nalo ni hilo "tuseme". Ninakushauri uliandike ubaoni upande mmoja, na upande wa pili uandike "fumbo", kisha uwaache wanafunzi wabishane.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Katika fumbo, kila kitu lazima kilingane na kitu kingine, na pale kisipolingana mwandishi amekosea. Katika "tuseme", ulimwengu ni mwingine, kwa hiyo mambo yanapaswa kutokea kwa namna nyingine. Narnia hakuna msalaba, hakuna Pilato wala makuhani. Aslan anakufa kwa ajili ya mvulana mmoja mkorofi, si kwa ajili ya taifa zima, na mchawi anamwua kwa mkono wake mwenyewe. Edmund si Yuda. Ni Edmund, mtoto mwenye wivu aliyekula pipi nyingi, na kwa kuwa si kivuli cha mtu mwingine anaweza kusamehewa, kukua, na kutawala kwa jina la Edmund Mwenye Haki. Mfalme wa aina hiyo anamhukumu msaliti mwenzake akikumbuka kwamba na yeye alikuwa msaliti. Lewis anakitumia kipengele hicho waziwazi katika kitabu cha tano.

Sababu ya kuchagua njia hii aliieleza mwaka 1956. Alipokuwa mtoto huko Belfast, alisema, aliona vigumu kuwa na hisia alizoambiwa kwamba lazima awe nazo kumhusu Mungu na mateso ya Kristo, na ule ulazima wenyewe ndio uliozigandisha hisia. Hata zile sauti za kunong'ona zilichangia, kana kwamba jambo linalozungumzwa ni ugonjwa. Nilipoisoma sehemu hiyo nilikumbuka mafundisho ya Jumapili ya utotoni mwangu, na mkatekista wetu mwema aliyekuwa akishusha sauti kila alipofika Golgotha, nasi tukishusha macho, kila mmoja akijitahidi kuhuzunika na kushindwa. Lewis alifikiri kwamba mambo hayo hayo yakihamishiwa katika nchi ya kubuni, bila madirisha ya kanisa na bila shule ya Jumapili, mtoto angeweza kukutana nayo kabla hajaambiwa ahisi nini.

Kwa hiyo swali la mtihani lisiwe "Aslan anamsimamia nani?" Uliza ni nini kinachompata Aslan ambacho hakimo katika Injili, na kwa nini. Utapata insha bora zaidi.

Shikamoo Mhariri. Niko chuo hapa Iringa. Nimesikia kwamba Tolkien, mwandishi mwenzake na rafiki wa Lewis, hakuvipenda vitabu hivi kwa sababu mwandishi amechanganya kila kitu. Inakuwaje mwandishi Mkristo akijaze kitabu chake miungu ya Wagiriki? Na je, ni kweli kwamba lile kabati aliliiba? — Mwanafunzi, Iringa

Marahaba. Tuanze na kabati, maana wizi ni shitaka zito.

Edith Nesbit, mwandishi wa Kiingereza ambaye Lewis alimsoma tangu utotoni, aliwahi kuandika hadithi fupi ya msichana anayeingia katika nchi ya ajabu kupitia kabati kubwa la chumba cha wageni, na jina la kabati na chumba likawa jina la kituo cha treni huko. Ukikumbuka kwamba mwenyeji wa kwanza wa Narnia anadhani msichana Lucy ametoka katika mji wa Kabati ulio katika nchi ya Chumba cha Wageni, huwezi kusema kwamba mambo haya mawili hayajuani. Katika riwaya nyingine ya Nesbit, malkia wa Babeli anafika London na kuleta tafrani. Katika kitabu cha sita cha Narnia malkia mchawi Jadis anafika London na kuleta tafrani kubwa zaidi. Mimi siuiti wizi. Msimulizi wa hadithi za sungura na fisi pale kwenu Kalenga hajawahi kushitakiwa kwa kumtumia sungura wa bibi yake. Anachoulizwa ni kama amemsimulia vizuri.

Vitu vingine alivyovikusanya ni vingi. Malkia mweupe wa theluji juu ya gari linaloteleza, anayemchukua mvulana, anafanana mno na yule wa Hans Christian Andersen wa mwaka 1844. Mbilikimo wachimba madini na majitu wanatoka katika visasili vya kaskazini mwa Ulaya, ambavyo Lewis alivipenda kabla hajapenda dini yoyote. Watu wenye miguu ya mbuzi na wenye miili ya farasi ni wa Wagiriki na Warumi. Ile safari ya kisiwa hadi kisiwa katika kitabu cha tatu ina mababu zake katika hadithi za kale za mabaharia watawa wa Ireland, nchi aliyozaliwa. Na George MacDonald, mchungaji wa Scotland aliyeandika hadithi za ajabu, ndiye aliyemwonyesha Lewis akiwa kijana asiyeamini kwamba utakatifu unaweza kuvutia. Lewis alimwita bwana wake.

Ni kweli Tolkien hakuufurahia mchanganyiko huo. Yeye alijenga ulimwengu wake kwa lugha na nasaba, tofali juu ya tofali, na kuona Baba Krismasi akigawa zawadi katika msitu mmoja na mapepo ya Kigiriki kulimkera. Ladha yangu mimi iko karibu na Tolkien katika hilo la Baba Krismasi. Lakini kuhusu miungu ya kipagani, ni Tolkien huyo huyo aliyemfungulia Lewis njia. Usiku mmoja wa Septemba 1931, Lewis, ambaye wakati huo alikuwa ameshakubali kwamba Mungu yupo lakini hajamkubali Kristo, alitembea na kuzungumza mpaka usiku wa manane na Tolkien pamoja na Hugo Dyson katika viwanja vya chuo chake huko Oxford. Tatizo lake lilikuwa la ajabu: kifo cha mungu Balder katika visasili vya kaskazini kilimtikisa moyo, lakini kifo cha Kristo katika Injili kilimwacha vile vile. Rafiki zake walimwambia kwamba Injili nayo ni kisa cha namna ile ile, isipokuwa hiki kimetokea kweli. Muda mfupi baadaye akawa Mkristo. Mtu aliyeingia kanisani kwa mlango wa visasili hawezi kuvifukuza akishaingia. Aliviona kama fununu zilizotangulia habari yenyewe. Kwa hiyo miungu ya Wagiriki haikupenya Narnia kwa bahati mbaya, na hata huyo Bakasi, mungu wa divai, anapocheza katika kitabu cha pili, wasichana wanaambiana kwamba wangeogopa kukutana naye kama Aslan asingekuwapo.

Ukitaka kuona kazi ya kuazima ikifanywa kwa ustadi mkubwa, soma kitabu cha sita, kile cha mpwa wa mganga. Aslan anaiumba Narnia kwa kuimba, na nyota zinaitikia. Hapo utamsikia Ayubu 38, "nyota za asubuhi zilipoimba pamoja". Kisha kuna bustani iliyozungushiwa ukuta juu ya kilima, mti wa matofaa, na mchawi aliyeruka ukuta badala ya kupita mlangoni, kama Shetani anavyoruka ukuta wa Edeni katika utenzi wa John Milton wa 1667. Mpaka hapo ni maktaba tupu. Lakini mvulana Digory, aliyetumwa kulichuma tofaa moja na kulileta, ana mama mgonjwa mahututi nyumbani, na mchawi anamnong'oneza kwamba akimpelekea mama yake tofaa hilo badala ya kumtii simba, mama atapona. Mama yake Lewis alifariki kwa saratani mwaka 1908, mtoto akiwa na miaka tisa, baada ya kuomba sana apone. Digory anatii kwa huzuni. Kabla hajatumwa, alipomtazama Aslan alikuta macho ya simba yamejaa machozi makubwa kuliko yake, na baada ya kutii anapewa tofaa jingine la kumponya mama. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi, na kila mara maktaba yote inasahaulika, Milton na Mwanzo pamoja, nabaki na mtoto wa Belfast anayempa mtoto wa hadithi kile ambacho yeye alikikosa.

Umeuliza kwa ufupi nami nimejibu kwa urefu wa barabara ya Kitonga. Basi niongeze Plato tu, mwanafalsafa wa Wagiriki: katika kitabu cha nne malkia wa chini ya ardhi anawashawishi mateka wake kwamba jua halipo, kwamba wameona taa wakaibuni taa kubwa zaidi. Msome Plato juu ya wafungwa wa pangoni, kisha urudi hapo.

Mhariri, nianze na kitabu kipi? Toleo nililonunua limeweka cha mpwa wa mganga kuwa cha kwanza. — Msomaji, Mafinga

Anza na cha simba, mchawi na kabati, kilichotoka 1950. Ni kweli kwamba mwaka 1957 Lewis alimjibu mtoto mmoja kwa kukubali mpangilio unaofuata historia ya Narnia yenyewe, lakini aliongeza kwamba pengine mpangilio hauna uzito mkubwa. Mimi nauona una uzito. Anayeanza na kuumbwa kwa Narnia anamjua simba kabla ya kumsubiri.

Assalaamu alaykum, Mhariri. Mimi ni Mwislamu, baba wa watoto wawili, na ni mfanyabiashara hapa Mwanjelwa. Nilipokuwa nawasomea kitabu cha farasi na mvulana, niliona kwamba watu wabaya, Wakalormeni, wana vilemba, ndevu, panga zilizopinda na nyuso nyeusi, na kila wakimtaja mfalme wao wanaongeza "na aishi milele". Mwanangu akaniuliza: "Baba, hawa ni sisi?" Nimjibu nini? — Msomaji, Mbeya mjini

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Mjibu mwanao kwamba ameona sawasawa, na kwamba si yeye wa kwanza kuona.

Dini ya Wakalormeni si Uislamu. Wana miungu wengi, na mkuu wao, Tash, ana kichwa cha ndege na mikono minne; hakuna Mwislamu ambaye angekaa dakika moja katika hekalu lake. Lakini mavazi, silaha, adabu za maongezi na rangi ya ngozi Lewis aliviokota katika Mashariki ya vitabuni, ile ya Alfu Lela Ulela kama Wazungu walivyoizoea, akalivisha taifa zima la wakatili na wafanyabiashara ya watumwa. Hakuna utetezi wa kutosha kwa hilo. Kinachonishangaza ni kwamba jina la Aslan lenyewe lilitoka katika kurasa za kitabu hicho hicho, na huku kwetu Shaaban Robert alipokiendea kisima hicho alirudi na *Adili na Nduguze*, ambamo watu wa namna hiyo ni wema na wabaya kama binadamu wengine.

Pamoja na hayo, msikiache kitabu njiani. Aravis, msichana wa Kikalormeni, ni shujaa kuliko mvulana anayesafiri naye, na anaposimulia maisha yake kwa mtindo wa kwao, Lewis anakiri kwamba huko watoto hufundishwa kusimulia hadithi kama Waingereza wanavyofundishwa insha, ila hadithi watu hutaka kuzisikia, na insha yeye hajamwona anayetaka kuzisoma. Kisha fikeni kitabu cha saba. Humo kijana askari wa Kikalormeni, Emeth, ambaye jina lake ni neno la Kiebrania lenye maana ya kweli, amemtafuta Tash kwa moyo safi maisha yake yote, na mwisho anakutana na Aslan. Anatarajia kufa. Simba anamwambia kwamba utumishi wote mwema alioufanya kwa jina la Tash umehesabiwa kuwa umefanyiwa yeye, kwa kuwa hakuna jambo jema linaloweza kufanywa kwa Tash. Wapo wachungaji waliokasirishwa sana na ukurasa huo. Na ninajua kwamba Mwislamu naye hatauridhia wote, kwani bado ni Aslan anayepokea. Zungumzeni na watoto hapo hapo; mwanao aliyeuliza swali lile ana akili ya kutosha kwa mazungumzo hayo.

Shikamoo babu Mhariri. Mimi nasoma darasa la saba, Makete. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba sakitu inaunguza viazi na asubuhi majani yote ni meupe, lakini hakuna anayesema ni mchawi. Kwa nini Narnia baridi ni mbaya hivyo? Na kwa nini wanalia kwamba Krismasi haifiki, wakati Krismasi ni wakati wa mvua? — Mwanafunzi, Makete

Marahaba, mjukuu wangu. Wewe umeisoma Narnia ukiwa umevaa sweta, na ndiyo namna nzuri ya kuisoma.

Uingereza baridi kali ni Desemba na Januari, na katika siku fupi kabisa za mwaka jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Krismasi imekaa katikati ya giza hilo kama moto katikati ya jiko. Sasa fikiria baridi ya miaka mia moja, na huo moto hauwashwi. Ndiyo maana watu wa Narnia wanaitaja Krismasi kwanza wanapolalamika. Lakini ujue pia kwamba theluji ilikuja kabla ya maana yake. Lewis alisema kwamba tangu akiwa na miaka 16 alikuwa na picha kichwani ya kiumbe mwenye miguu ya mbuzi akitembea katika msitu wenye theluji, ameshika mwavuli na vifurushi. Hadithi aliitafuta miaka mingi baadaye, na simba alirukia ndani ya hadithi bila kualikwa, akaivuta yote nyuma yake.

Kwa sisi wa huku, ukitaka kuhisi kile watoto wa Uingereza walichokihisi, usifikirie sakitu. Fikiria kiangazi ambacho hakikomi. Shamba limelimwa, mbegu ziko ndani, Novemba imepita, Desemba imepita, wazee wanatazama juu, na mvua haiji miaka mia moja. Kisha usome tena sura ile ambamo Edmund yumo katika gari la mchawi na anasikia sauti asiyoijua, mpaka anatambua kwamba ni maji yanayotiririka. Gari linakwama kwenye matope. Maua yanaanza kutokea chini ya miti, ya njano kwanza, halafu meupe, halafu ya zambarau, na mtumishi wa mchawi anasema kwamba hii si kuyeyuka kwa theluji tu, ni kazi ya Aslan.

Wewe unakaa karibu na Kitulo, ambako wenyeji wanakuita Bustani ya Mungu na ambako tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Mvua zikishashika, Desemba au Januari, omba mkubwa mmoja akupandishe huko na daftari. Andika majina ya maua utakayoyaona kwa Kikinga, kama bibi yako anavyoyaita, kwa mpangilio yanavyotoka ardhini, kisha ututumie. Tutayachapa.